Eafoni haina besi? Usiitupe, angalia kwanza vile vipira

Mwaka juzi nlimuuzia mdogo wangu eafoni zangu kwa buku kumi. Mimi nlizinunua elfu thelathini na tano, zile za waya za kuzama ndani ya sikio zinazoziba kelele, na wiki tatu nzima nikawa nazilaani tu, besi hakuna, sauti nyembamba kama redio ya betri inayokata roho, na kwenye daladala ya Gongo la Mboto nlikuwa namsikia konda vizuri kuliko mwimbaji. Nikajiambia hapa nimepigwa. Dogo akazichukua, akavua vile vipira vilivyokuja vimevikwa, akafungua kale kamfuko kadogo ambako mimi sikuwahi hata kukagusa, akavika vikubwa, akavaa, akanyamaza, af akaanza kutikisa kichwa. Nikamwomba nijaribu. Aisee, besi ilikuwemo humo humo siku zote, ilikuwa inavujia nje tu! Nikamwambia basi dogo turudishiane, akasema sawa kaka, thelathini.

Toka siku ile nimekuwa kama fundi wa vipira, nyumbani, ofisini, kila anayelalamika eafoni mbovu namwambia lete nione kwanza, na mara nyingi ubovu sio wa eafoni. Kwa hiyo hapa naandika hatua ninazopitia mimi, tena kwa mpangilio, manake ukiruka ya mwanzo hizi za mwisho hazina maana.

Kwanza tuelewane tunaongelea eafoni gani. Ni zile zenye kipira cha silikoni au sponji kinachoingia kwenye tundu la sikio na kuliziba, ziwe za waya au za Bluetooth. Zile za plastiki ngumu zinazokaa mlangoni mwa sikio bila kuziba chochote hazihusiki leo, hizo hata ufanyeje kelele zitaingia tu.

Na usichanganye kuziba kelele na ule ujanja wa umeme ambao eafoni inakuwa na maiki inasikiliza kelele ya nje halafu inatoa sauti ya kinyume chake ili ziuane. Ule ujanja ni mzuri kwa ngurumo za chini, injini ya basi, feni, jenereta la jirani, ndege. Ila mtoto akilia au konda akigonga bati, hapo unachoka. Kuziba kwa kipira kunafanya kazi nyingine, unaweka ukuta tu basi, kama mtu aliyejiziba na kidole, sauti za juu zinakatwa sana na za chini nazo zinakatwa kwa sharti moja tu, pasiwe na upenyo. Na hata ukinunua hizo za ujanja wa umeme za laki kadhaa, kipira kikikaa vibaya nazo zinakuangusha vile vile.

Wazo lenyewe sio la leo. Mmarekani mmoja mtaalamu wa mambo ya masikio, Mead Killion, kampuni yake ya Etymotic Research kule Illinois ilitoa eafoni inaitwa ER-4 mwaka 1991, vipira vyake vina ngazi tatu kama mti wa Krismasi, ukiviona unaweza kudhani ni kifaa cha hospitali. Mwaka 1995 fundi wa sauti wa bendi ya Van Halen, Jerry Harvey, akamtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen eafoni za kuvaa jukwaani maana jamaa alikuwa hasikii wenzake kwa makelele, na hapo ndo ikazaliwa kampuni ya eafoni ya Ultimate Ears. Yaani hivi vitu vimetoka kwa watu wa masikio na wanamuziki, sio kwa wauza simu. Sa hizi kampuni ya Shure wanaitangaza eafoni yao ya SE215 kwamba inakata kelele mpaka desibeli 37, desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Hilo neno "mpaka" ulishike vizuri, ni pale kipira kinapokaa sawasawa, kikikaa hovyo hizo desibeli utazisoma kwenye boksi tu.

Sasa kwa nini upenyo mdogo unaua besi na sio sauti zote? Fikiria pampu ya baiskeli. Ukiziba mdomo wa pampu kwa kidole ukasukuma, unasikia presha kwenye kidole. Ukiacha kaupenyo kadogo ukasukuma taratibu, hewa inatoka zake pembeni, kidole hakisikii kitu. Besi ni hewa inayosukumwa taratibu, mara 40 au 50 kwa sekunde, ikipata njia inapotea kabla haijafika kwenye ngoma ya sikio. Trebo, yaani sauti za juu, inakwenda maelfu ya mara kwa sekunde, haina muda wa kutafuta mlango. Kwa hiyo kipira kikivuja unabaki na kelele za matoazi na ma-s ya mwimbaji, af unasema eafoni kali, inaumiza, haina uzito. Umeielewa hiyo umemaliza nusu ya kazi.

Hatua ya 1: angalia sikio lenyewe

Kama sikio linauma, linatoa majimaji au usaha, au limeziba hujui kwa nini, usivae kitu, nenda kwa daktari wa masikio. Kama ni nta tu ya kawaida, usiichokonoe na vijiti vya pamba wala ufunguo wala pini ya nywele, unaisukuma ndani, na kipira nacho kinakuja kuisindilia zaidi kama mtu anajaza gunia la mkaa. Futa pale nje tu kwa kitambaa chenye unyevu, subiri pakauke. Sikio lenye maji kipira kinateleza, na ukivaa sponji kwenye sikio bichi ndo unaanza kulalamika unawashwa.

Na ujue njia ya sikio la mtu mzima ina urefu kama sentimita mbili na nusu na haijanyooka, ina kona. Hii itakuja kukusaidia hatua ya 3.

Hatua ya 2: vipira, hapa ndo pa kukaa

Fungua boksi, tafuta kale kamfuko. Kwa kawaida unakuta saizi tatu, ndogo S, ya kati M na kubwa L, na M ndo inakuja imeshavikwa. Watu wengi wanafia na M mpaka eafoni inakufa. Mimi hapo nlikuwa mmoja wao, sina cha kumcheka mtu.

Anza na kubwa, usianze na ndogo. Sababu ni kwamba kipira kikubwa kikigoma utajua hapo hapo, hakiingii au kinabana, ila kidogo kinaingia fresh kabisa, kinakaa vizuri, unaona raha, kumbe kinavuja. Ndo mtego wenyewe huo. Tena kidogo sana kinazama ndani ukahisi eti kimekaa "deep" kumbe kimezungukwa na hewa pande zote.

Jaribu kila sikio peke yake. Masikio ya mtu sio lazima yalingane, mimi kushoto navaa L na kulia M, na nlipogundua hilo nlikaa kitandani nikajitazama kwenye kioo cha simu kama nimezaliwa upya. Hakuna sheria inayosema lazima vipira vifanane. Ukimwona mtu anasema "upande mmoja hauna sauti nzuri" mwulize kwanza kama ameshajaribu saizi tofauti.

Aina za vipira. Silikoni ya ngazi moja ndo ya kawaida, inasafishika, inadumu, inavaliwa haraka, inafaa kwa mtu anayevaa na kuvua kila dakika kwa sababu bosi anamuita. Silikoni ya ngazi mbili au tatu inaziba sana lakini inaingia ndani zaidi na wengine hawaipendi kabisa, siku mbili za kwanza unahisi kama kuna mtu anakuchunguza ubongo. Sponji inajipanua yenyewe kufuata umbo la tundu lako, kwa kelele za daladala sijaona inayoishinda kwa bei, tena inalainisha kidogo zile trebo kali. Ubaya wake inakunywa jasho na joto la Dar sio rafiki yake, baada ya miezi michache inakuwa ngumu, inapasuka, inabidi ununue nyingine. Kama una masikio yanayotoka jasho sana au unafanya nazo mazoezi, baki na silikoni.

Ukienda kununua vipira vya peke yake usiangalie saizi ya nje tu. Kuna na tundu la kati, linalovaa kwenye mdomo wa eafoni, na midomo haifanani, mingine minene mingine myembamba kama mrija wa wino wa peni. Tundu likiwa kubwa kuliko mdomo, kipira kitabaki ndani ya sikio lako siku unavua. Imenikuta, asubuhi, naingia kwenye interview. Ukibakiwa nacho usikifukuze na kidole ukakisukuma, kama ncha inaonekana mwite mtu akitoe taratibu na kibanio, kama haionekani nenda hospitali. Kwa hiyo chukua eafoni yenyewe ukipimishe pale pale dukani, kipira kiingie kwa kulazimisha kidogo na kisitoke ukikivuta.

Na hili la dukani, wale mnaokwenda Kariakoo mtaa wa Aggrey kununua, beba vipira vyako vya nyumbani kwenye kamfuko safi. Muuzaji akikuruhusu kujaribu unavika vyako. Kwanza usafi, vile vya kujaribia vimepita kwenye masikio ya mji mzima, pili unasikia eafoni na sio kipira kibaya. Atakuangalia kama una matatizo. Mwache akuangalie.

Hatua ya 3: kuvaa

Hapa watu wananiambia "kaka kuvaa eafoni nako kunafundishwa?" Kunafundishwa, manake wengi wanasukuma tu kama wanaziba chupa.

Angalia herufi, L kushoto, R kulia, kama kuna rangi nyekundu mara nyingi ndo ya kulia. Sasa ukivaa ya kulia, mkono wa kulia ushike eafoni, mkono wa kushoto upitishe juu au nyuma ya kichwa ulishike sikio la kulia kwa juu, ulivute taratibu kwenda juu na nyuma. Ile kona nliyoitaja inanyooka. Ukiwa umelivuta ingiza eafoni huku unaizungusha kidogo kama unafunga skrubu, af liachie sikio. Sikio lenyewe linarudi na kukibana kipira. Ukifungua mdomo wakati unaingiza inasaidia pia, taya linaachia nafasi. Fanya hivo mara moja tu na utashangaa, kuna watu nimewafanyia hii na kipira kile kile cha zamani na wakaniuliza nimebadilisha nini.

Kama ni sponji, vidole viwe safi na vikavu, ifinye iwe nyembamba, ingiza haraka kabla haijajipanua, af ishikilie hapo kama sekunde 30. Usiachie mapema, inajipanulia nje ya sikio na yote unaanza upya. Utasikia kelele za nje zinazimika taratibu kama mtu anafunga mlango pole pole.

Zile zenye waya, kama umbo lake limepinda zimetengenezwa waya upite juu ya sikio kwa nyuma, kama miwani. Usizivae kwa kuning'iniza chini, hazitakaa. Hata zile za kawaida za kunyooka unaweza kujaribu kupitisha juu ya sikio, inasaidia sana kwenye ile sauti ya waya ukisugua shati, du du du kila unapotembea, maana ukiziba sikio vizuri mitikisiko ya waya unaisikia zaidi. Kale kaklipu ka kubana kwenye shati katumie, ndo kazi yake.

Ukisikia "krik" ndani wakati unaingiza, kama karatasi inakunjwa, ni hewa uliyoisukuma imekandamiza ile ngozi ya spika ndogo. Haijafa. Ingiza polepole zaidi. Na wakati wa kuvua usinyofoe kama unang'oa muhogo, izungushe kidogo hewa iingie kwanza, kunyofoa kunavuta ngoma ya sikio na hiyo unaisikia mpaka kwenye meno.

Hatua ya 4: hakikisha pamezibika

Bila muziki wowote, sema neno kwa sauti ya kawaida. Sauti yako ikirudi nzito, kama unaongelea ndani ya mtungi, pamezibika. Tafuna kitu au tembea, unasikia vishindo vya miguu yako kichwani. Pande zote mbili ziwe sawa, kama kushoto unajisikia mtungini na kulia unajisikia kawaida, kulia kunavuja. Hiyo sauti ya mtungi inawakera wengine, na cha ajabu inapungua ukiingiza kipira ndani zaidi kidogo, sio ukikitoa.

Jaribio la pili, weka wimbo wenye besi kwa sauti ya wastani, af bonyeza eafoni kwa kidole taratibu kuelekea ndani. Besi ikiongezeka ghafla ulipobonyeza, maana yake kabla hujabonyeza ilikuwa inavuja. Isipobadilika sana uko salama. Hili jaribio halihitaji kifaa wala bando, namfanyia mtu yeyote popote.

La tatu, mimi ndo nalipenda zaidi. Tafuta apu ya kutoa toni au video ya toni, weka 50 Hz (yaani mitikisiko 50 kwa sekunde), SAUTI IWE CHINI kabisa kwanza halafu upandishe taratibu. Usipandishe kwa hasira, toni ya chini hivyo masikio ya binadamu hayaisikii kwa urahisi na unaweza kujikuta umefungulia mpaka mwisho bila kujua. Ukiwa umevaa zote mbili ule mngurumo unatakiwa ukae katikati ya kichwa. Ukivutika kwenda kushoto, kulia kunavuja, na kinyume chake. Rekebisha ule upande tu. Na kama hausikiki sehemu yoyote maalumu, uko kama mkubwa lakini mtupu, umezagaa nje ya kichwa, na eafoni yako ni ya waya wa kuchomoa wenye pini mbili, angalia kama hukuuchomeka kinyume upande mmoja. Spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi zinakulana. Geuza pini za upande mmoja, sikiliza tena. Kuna jamaa alikaa nazo miezi hivo.

Kama bado, kwa kifupi naangalia hivi. Zinatoka zenyewe taratibu ukitabasamu au ukiongea, ongeza saizi au nenda kwenye sponji, mara nyingi sio kubana kunakokosekana ila ni mafuta ya ngozi, futa vipira kwanza. Zinauma baada ya nusu saa mlangoni mwa sikio, punguza saizi, au ni gamba lenyewe la eafoni ni kubwa kuliko bakuli la sikio lako, na hapo hakuna kipira kitakachokuokoa, mpe mwenye masikio makubwa. Zinaziba vizuri ila ma-s yanachoma kama pilipili, badilisha kina cha kuingia, milimita moja au mbili tu inahamisha pale sauti inaporuka, au vaa sponji.

Hatua ya 5: sasa sikiliza

Zima ikwalaiza yote (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha besi na trebo), zima "bass boost", zima ule mchezo wa sauti ya 3D. Watu wanarekebisha upenyo kwa ikwalaiza, wanapandisha besi mpaka juu, af siku kipira kikikaa sawa kichwa kinapasuka.

Usijaribu na nyimbo zilizopita WhatsApp mara saba. Chukua muziki unaoujua kichwani, wenye vitu tofauti. Mimi nina aina tatu. Singeli, kwa sababu inakimbia midundo 200 kwa dakika na kuzidi, eafoni yenye besi ya uvivu pale inashindwa, midundo inaungana inakuwa mngurumo mmoja, nzuri unazihesabu ngoma moja moja. Taarab ya kizamani ya Zanzibar, yenye kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi za kudonoa) na fidla nyingi, hapo unapima sauti za kati na za juu, kanuni unatakiwa usikie uzi unavyodonolewa, sio vioo vinavunjika, na sauti ya mwimbaji isijifiche nyuma ya fidla. Na rumba, ile sehemu ya sebene magitaa matatu yanapojibizana, kama unaweza kulifuata moja bila kuyapoteza mengine basi eafoni hiyo mtunze. Ya nne ni ya bure, mtangazaji wa mpira redioni, akipayuka goooli ukakunja uso, trebo imezidi.

Zipe dakika kumi kabla hujahukumu, masikio yanazoea. Na ukilinganisha eafoni mbili hakikisha zinasikika kwa ukubwa sawa, manake yenye sauti kubwa zaidi kidogo tu utasema ni nzuri zaidi, hata kama sio. Wauzaji wanalijua hili vizuri sana.

Kuhusu simu. Kwa eafoni za waya nyingi, ambazo ni za omu 16 au 32 (kipimo cha ukinzani wa umeme), simu yoyote inazisukuma. Kama simu yako haina tundu la pini, ile adapta ya Type-C ndo inabadilisha sauti kutoka dijitali, adapta mbovu inakuja na kelele ya shhh hata wimbo ukiwa umesimama. Kwa Bluetooth, ndani ya daladala tofauti ya LDAC yenye mpaka kbps 990 na SBC ya kawaida, hizo ni njia za kubana sauti ili ipite hewani, hutaisikia, achana nayo, kipira ndo kinaamua. Chumbani usiku, eafoni nzuri, faili nzuri, hapo tubishane.

Hatua ya 6: shusha sauti

Hii ndo faida yenyewe ya kuziba na watu wanaipitia juu juu. Bila kuziba, unapandisha muziki ushinde injini, honi na mpiga debe. Ukiziba, huhitaji kushindana na mtu. Mimi kwenye njia ile ile ya Gongo la Mboto nlikuwa natumia vibao vya sauti kumi na tatu kati ya kumi na tano, sa hizi nane, na nasikia vitu vingi zaidi.

Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 ukiongeza muda unakatwa nusu, 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Piga hesabu, mtu wa Chanika anayefanya kazi Posta, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi siku tano, hizo ni saa 20 tayari kabla hajafika kitandani na simu. Ukishavua ukasikia mlio wa nzi masikioni au watu wanaongea kama wako mbali, ulizidisha, yape mapumziko na kesho uanzie chini.

Eafoni iliyoziba vizuri ni hatari barabarani, hilo silifichi. Kwenye bodaboda usivae kabisa, ukivuka barabara toa hata moja, mwendokasi hupigi naye mahesabu. Na kwenye daladala usiku weka moja tu, usije ukashushwa kituo cha mwisho na simu haipo.

Hatua ya 7: usafi

Mara moja kwa wiki vua vipira vya silikoni, vioshe na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, vikauke KABISA ndo uvirudishe. Eafoni yenyewe usiichovye. Sponji usizioshe kama nguo, zifute tu na kitambaa chenye unyevu.

Pale mdomoni mwa eafoni kuna kawavu kadogo. Nta ikikaa pale sauti ya upande huo inashuka, besi inapotea, na mtu anasema waya umekatika. Igeuze mdomo uangalie chini, isugue na mswaki mkavu laini wa mtoto ili taka idondoke nje na sio kuingia ndani. Usipulize kwa mdomo, unaingiza unyevu, na usichomeke pini, kawavu kakitoboka umeiua. Zihifadhi kwenye kikopo chenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, sisi wa pwani chumvi na joto vinakula kila kitu, na waya usiuzungushe kwenye simu ukaubana, unavunjikia pale pale kwenye pini.

Juzi Jumapili dogo kaja na zile zile zangu, kanuna, upande wa kushoto umekufa, anataka kuzitupa. Nikazigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kawavu kote kameziba, hata mwanga haupiti. Nikamwambia pole sana mdogo wangu, ndo vitu vya bei rahisi hivo, lakini kwa sababu ni wewe ntakupa buku kumi. Kanitazama, kautazama mswaki uliokuwa mezani, akazirudisha mfukoni.